Sita wenye nguvu sio timu: vitu za Pokémon nimechoka kusikia

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinipata pale saiba ya Umoja tunapokutanaga kucheza Pokémon, ule mchezo wa video wa kupiganisha viumbe wawili kwa wawili, akanionyesha simu akiwa na furaha kabisa, akaniambia kocha cheki hii timu, hakuna mtu atatoka hapa. Nikaangalia. Garchomp, Dragonite, Salamence, Hydreigon, Dragapult, Baxcalibur. Wote sita dragoni, wote sita jumla ya stati zao, zile namba za afya, kupiga, kinga na spidi, ni 600 kamili, na huyo ni mtu wa nne ananiletea kitu kama hiyo tangu shule zifunge. Wa nne! Majina yanabadilika kidogo, lakini wazo ni lile lile, kwamba kujenga timu ni kupanga Pokémon kwa jumla ya stati kutoka juu kwenda chini, unachukua sita wa kwanza, umemaliza.

Sikumhubiria, nilimwambia tucheze. Nikatoa Whimsicott na Sylveon, yeye akatoa Garchomp na Dragapult. Whimsicott jumla yake ni 480 na Sylveon ni 525, kwa hivyo kwa hesabu yake alikuwa ameshashinda kabla hatujabonyeza kitu. Sasa, Whimsicott ako na Prankster, kipaji cha kumfanya atangulie na muvu zisizopiga, kwa hivyo Tailwind yake, muvu ya kuongeza spidi, inatangulia, spidi ya upande wangu ikawa mara mbili, na tangu michezo ya Sword na Shield ya 2019 spidi ikibadilika inahesabika raundi hiyo hiyo, haingoji inayofuata. Sylveon wangu kwa levo 50 ana spidi 112, mara mbili ni 224. Dragapult hata umjaze EV zote za spidi, zile pointi za mazoezi unazogawa mwenyewe, na umpe tabia ya kuongeza spidi anafika 213, hapiti hapo. Sylveon akatangulia na Hyper Voice, ambayo kipaji chake cha Pixilate kinaigeuza kuwa muvu ya aina ya feiri na inagonga wote wawili mara moja, Life Orb juu yake, kifaa cha kuongeza nguvu, na dragoni wote wawili wakalala raundi ya kwanza kabla hawajagusa mtu.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Kocha, hapo umeniotea tu."

Sikumuotea. Wale sita wake wote wanaumizwa na feiri mara mbili, na Hydreigon ni mara nne. Barafu nayo inaumiza watano kati ya sita, Garchomp, Dragonite na Salamence wakiumia mara nne. Muvu zao za dragoni hazimgusi feiri hata kidogo, sifuri. Yaani mpinzani akiwa na Sylveon mmoja tu, timu nzima inaogopa kitu kimoja na nusu ya silaha zake hazifanyi kazi. Hiyo haiwezi kuitwa bahati mbaya, ilikuwa imeandikwa hapo kwenye simu siku alipochagua mtu wa sita, na mimi niliiona kabla sijakaa.

Na hiyo namba 600 yenyewe inadanganya watu vibaya sana. Ni stati sita zimejumlishwa, na hakuna Pokémon anatumia zote sita. Garchomp anapiga kwa Attack, nguvu ya mwili, iko 130, sasa ile Special Attack yake ya 80, ya muvu zisizo za mwili, inamsaidia nini? Imekaa tu hapo inapandisha jumla. Regigigas jumla yake ni 670, kubwa kuliko dragoni wowote wa huyu kijana, lakini ana Slow Start, raundi tano nzima Attack na spidi yake ziko nusu, na mechi nyingi za wawili kwa wawili kufikia hapo zinakaribia kuisha. Slaking pia 670, ana Truant, raundi moja anapiga inayofuata anapumzika. Halafu kuna Amoonguss, jumla 464, spidi yake ni 30, ukimwangalia kwa karatasi utasema huyu ni wa kuwekwa kando, kumbe Spore yake inalaza mtu bila kukosa, Rage Powder inavuta mapigo yaje kwake badala ya mwenzake, na ukiwasha Trick Room, ambapo wa polepole ndio wanatangulia, ile spidi ya 30 inakuwa faida.

Mimi huwa nawauliza hivi, ukipanda matatu ya Umoja asubuhi unataka madereva wawili? Mmoja ashike usukani na mwingine naye ashike usukani? Nani atakusanya nauli, nani ataita abiria, nani atagonga bodi gari isimame? Konda hajui kuendesha kama dereva na hakuna mtu anamlaumu, kazi yake ni ingine, na bila yeye hiyo gari haifiki tao na pesa. Wale dragoni sita ni madereva sita ndani ya gari moja. Whimsicott ni konda.

Kama huniamini mimi amini fainali za dunia. 2014, Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa wa dunia daraja la Masters akiwa na Pachirisu kwenye timu. Pachirisu! Kindi mdogo wa umeme, jumla 405. Watu wanapenda kuisimulia hiyo kama muujiza, ama eti alikuwa anawaonyesha watu madharau, na inanikasirisha kwa sababu wanaruka sehemu ya maana. Timu ilikuwa na Gyarados, na Gyarados anaumizwa na umeme mara nne. Pachirisu ana Volt Absorb, umeme ukimpiga unamrudishia afya, na ana Follow Me inayovuta mapigo yote ya mtu mmoja yaje kwake. Kwa hivyo ukirusha umeme kwa Gyarados unamlisha Pachirisu, ukirusha kitu kingine bado kinaenda kwa Pachirisu, na Gyarados anafanya kazi yake kwa amani. Super Fang nayo inakata nusu ya afya iliyobaki ya mpinzani, haijali Attack ya anayeipiga iko chini vipi. Alichaguliwa kwa sababu hakuna mwingine angefanya zile kazi zote kwa pamoja, na wenye 600 walikuwepo.

Kwa hivyo njia yangu ni hii na siibadilishi kwa mtu. Chukua daftari, sio simu, daftari. Andika wawili wanaosaidiana. Chini yao andika spidi utaishika vipi, Tailwind inakaa raundi nne na Trick Room tano, na zote mbili zinahesabu ile raundi umeziwasha, watu wanasahau hiyo kila siku. Halafu andika ni nini kinawaua hao wawili, ndio utafute wa tatu na wa nne wa kuzuia hicho kitu. Wa tano na wa sita ni wa zile mechi ambazo mpango wa kwanza haufai, kwa sababu kumbuka unaleta sita lakini kila mechi unacheza na wanne. Mbele ya kila jina andika kazi yake. Ukiandika "ana nguvu" nafuta jina.

Hiyo ndio kubwa. Hizi zingine nazisikia pia karibu kila wiki.

"Protect ni ya waoga." Hapana, hapana kabisa. Protect ni muvu ya kujikinga raundi hiyo. Huyo kijana Pokémon wake wote walikuwa na muvu nne za kushambulia, na Garchomp angekuwa na Protect angebaki mzima raundi ile ya kwanza. Kwenye wawili kwa wawili mpinzani akimpiga mmoja wako na Pokémon wote wawili na huyo akajikinga, mpinzani amepoteza raundi nzima na Pokémon wako mwingine bado anapiga. Pia unaona wanataka kufanya nini. Pia unawapotezea raundi za Tailwind yao. Wenye Choice Scarf na Assault Vest hao waache, vifaa vyao haviendani na Protect, lakini mwingine yeyote akija kwangu bila Protect lazima anieleze kwa nini, na iwe sababu ya maana.

"EV ni 252 hapa, 252 pale, nne zinazobaki popote." Hii nayo inatokana na uvivu, samahani lakini ni uvivu. Chukua Kingambit. Bila EV za spidi yuko 70 levo 50, ndani ya Tailwind 140. Garchomp wa tabia ya Jolly, ya kuongeza spidi, aliyejazwa EV za spidi yuko 169, na Earthquake yake inamuuma Kingambit mara mbili. Ukimtia Kingambit EV 116 za spidi anafika 85, mara mbili 170, amempita Garchomp kwa pointi moja, na pointi moja inatosha. Ukijaza 252 anafika 204, sawa, lakini zile 136 za ziada unakimbizana na nani nazo? Weka 252 kwa Attack, 116 spidi, 140 kwa HP, yaani afya, HP inatoka 175 inafika 193. Hizo pointi 18 mara nyingi ndio zinamwacha amesimama. Kila namba kwa timu yako iwe na jina la mtu unayemkimbia ama pigo unalotaka kulivumilia, kama huwezi kulitaja hilo jina basi umebahatisha.

"IV lazima ziwe 31 zote." IV ni pointi za kuzaliwa nazo, 31 ndio mwisho. Zote 31 za nini? Wa Trick Room unamtaka IV ya spidi iwe sifuri. Anayepiga kwa Special Attack pekee, Attack yake iwe sifuri pia, ndio Foul Play, muvu inayotumia Attack ya anayepigwa, isimpige kwa nguvu zake mwenyewe. Na kwa zile unataka 31, michezo ya Scarlet na Violet inakubali uzirekebishe kwa kifaa kinaitwa Bottle Cap kuanzia levo 50, kwa hivyo acha kutupa Pokémon mzuri ati amezaliwa vibaya.

"Wangu ako levo 100." Mashindano yanawaweka wote levo 50. Tuendelee.

"Muvu yenye namba kubwa ndio bora." Focus Blast ni 120 na inapata mara 70 kwa 100. Ukihitaji ipate mara mbili mfululizo nafasi yako ni 49 kwa 100, chini ya nusu. Fire Blast 110 inapata 85, Flamethrower 90 haikosi. Kuna wakati ile kubwa ndio inahitajika kwa sababu ndogo haiui, hapo sawa, fanya hesabu kwanza. Lakini usiichague kwa sababu namba imekupendeza halafu ikikosa uje kunilalamikia mimi.

"Nimekopi timu ya bingwa wa dunia na bado nachapwa." Ndio, kwa sababu umekopi majina. Hujui zile EV ni za kumkimbia nani, hujui anaanza na nani akikutana na timu ya mvua, hujui yule wa sita aliwekwa kwa sababu ya timu fulani iliyokuwa imejaa mwezi huo. Kuiga sio vibaya, mimi mwenyewe nawapa timu za kuiga wanaoanza, lakini cheza nayo mechi thelathini hivi na kila ukichapwa andika kwa lile daftari ni raundi gani ilienda vibaya. Sio mechi, raundi.

"Bila Switch huwezi jifunza." Hii inaniuma kuliko inavyonikasirisha kwa sababu najua bei ya Switch, ile mashine ya kuchezea, hapa Nairobi na najua vijana wengi wazuri wameacha kwa hiyo sababu pekee. Pokémon Showdown, tovuti ya kuchezea mechi, ni bure, inafunguka kwa brausa ya simu yoyote, unaandika timu yako kwa dakika kumi bila kufuga mtu wala kutafuta Bottle Cap, na ukiwa na bando kidogo unacheza jioni nzima. Siku utafika mashindano ya kweli utahitaji mashine, ukweli, lakini kazi ya kichwa yote inaweza kuanza leo kwa hiyo simu uko nayo mkononi.

Yule kijana alibaki hadi stima ikapotea. Tulimwachia Garchomp kwa sababu anampenda na hakuna ubaya, tukampa Whimsicott wa Tailwind kando yake, tukafuta wale dragoni wengine watano. Akataka kumrudisha Dragonite, nikamuuliza kazi yake ni gani, akafikiria sana, akasema Multiscale inamsaidia avumilie pigo la kwanza akiwa na afya kamili halafu ajibu na Extreme Speed. Hilo ni jibu, Dragonite akarudi. Nafasi tatu ziko wazi na Jumamosi hii anafaa aje na majina matatu, na mmoja wao lazima awe mtu anaweza kumeza Hyper Voice ya Sylveon. Chuma, moto ama sumu, achague mwenyewe. Mimi namwombea amchague Gholdengo, lakini sijamwambia.