Si data inayokumalizia chaji, ni mnara ulio mbali

"Fundi, nimezima data tangu asubuhi na bado saa nane mchana simu imezima. Betri hii imekufa, nibadilishie."

Mteja anaweza kuwa wa Umalila, wa Makete au wa kule ndani Ileje. Sura hubadilika, maneno ni yale yale. Naichukua simu, naijaza chaji, naiacha mezani hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini, mpaka jioni, data ikiwa wazi makusudi. Inashuka asilimia chache tu. Betri ni nzima. Lakini mwenyewe haamini, kwa sababu ameshaambiwa na jirani, na shemeji, na konda wa Hiace kwamba data ndiyo mchawi wa chaji, na betri mpya ndiyo dawa. Wapo wanaoondoka wamekasirika kwa kuwa nimekataa hela yao.

Basi niandike, ili nikiulizwa tena niwe naonyesha tu.

Swichi ya data haizimi redio ya simu, yaani kile kifaa cha ndani kinachotuma na kupokea mawimbi ya mnara. Watu wanadhani ukiibonyeza, simu inaachana na mnara mpaka utakapoiwasha tena. Ingeachana nao, nani angekupata akipiga? Data ikiwa imezimwa, simu bado imesajiliwa kwenye mnara. Bado inaamka kila baada ya muda mfupi kusikiliza kama kuna anayekupigia au meseji inayoingia, bado inapima minara ya jirani ili ijue ihamie upi ukitembea, na bado inajitambulisha upya unapotoka eneo moja kwenda jingine. Ulichozima ni njia ya intaneti peke yake. Kinachozima redio ya mtandao yote ni hali ya ndege.

Na hiyo njia ya intaneti ikiwa wazi bila kutumika, kwenye mtandao mzuri, haili kama inavyosingiziwa. Kwenye simu za Android arifa za programu nyingi hupitia njia moja ya Google inayosubiri kimya. Si kwamba kila programu imejiwekea mlinzi wake anayekesha. Data inakula pale unapoitumia: video, simu za picha, kuwagawia wengine intaneti. Hapo hata mimi sibishani. Ila hapo kioo nacho kinawaka muda wote, na kioo chenye mwangaza wa juu kabisa mara nyingi ndicho kinachoongoza kwa kula, halafu lawama anabebeshwa bando.

Sasa tuje kwa mhusika mwenyewe. Simu haitumi mawimbi kwa nguvu ile ile kila mahali. Mnara huiamuru ipandishe au ishushe nguvu kulingana na inavyosikika. Kwa 4G, kilele cha simu ya kawaida ni takribani wati 0.2. Ukiwa hapa mjini, Kabwe au Mafiati, mnara unauona kwa macho, simu inaweza kushuka hadi chini ya sehemu moja ya elfu ya nguvu hiyo. Ukiwa bondeni nyuma ya mlima, inapanda mpaka kilele, na hata hivyo sehemu ya ulichotuma inapotea njiani, inabidi irudiwe. Ni kama kuongea na mtu mliyeketi naye baraza moja na kumwita aliye ng'ambo ya bonde: maneno ni yale yale, koo ndilo linaloumia.

Ukitaka kuona kwa namba, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tafuta hali ya laini au ya kadi. Simu nyingi zitakuonyesha nguvu ya mtandao kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwenye 4G, ukiona karibu na −80 upo pazuri. −100 unavumilika. Ikifika −115, simu yako inahangaika hata kama juu pameandikwa 4G na kuna kijiti kimoja. Na usizisome namba hizi kama bei za nyanya: kila hatua ya 10 ni tofauti ya mara kumi. Kati ya −80 na −110 mawimbi yanayokufikia yamepungua mara elfu moja. Ndiyo maana simu ile ile, betri ile ile, inakaa mpaka usiku ukiwa mjini na inakata roho mchana ukienda msibani kijijini.

Huku kwetu Nyanda za Juu redio ina kazi ngumu. Mbeya mjini penyewe tuko kwenye mita kama 1,700, Loleza imetuinamia upande mmoja, Uporoto iko upande wa pili, na ukishuka kwenda Tukuyu unapita ubavuni mwa Rungwe wenye karibu mita 3,000. Mawimbi hayatoboi mlima. Unaweza kuwa kilomita tatu tu kutoka kwenye mnara ukawa na mtandao mbovu kuliko aliye mbali zaidi kwenye tambarare ya Usangu anayeuona mnara bila kizuizi. Ongeza bati juu na kuta nene za tofali za kuchoma, halafu simu umeilaza kabatini. Sogeza dirishani, tazama ile namba ya dBm inavyopanda. Ushauri huo ni wa bure na wateja hawaupendi kwa sababu hauna risiti.

Pabaya kuliko pote ni pale mtandao unapokuja na kuondoka. Simu inaushika, inajisajili, inaupoteza, inaanza kupekua masafa yote inayoyajua kutafuta mwingine, inaupata, unapotea tena. Ukipanda gari la Chimala kwenda Matamba, zile kona hamsini na saba, kila unapozunguka bega la mlima simu inaweza kuanza upya kazi hiyo, nayo ipo mfukoni, hujaigusa. Ukifika unasema, "Wala sijaitumia!"

Kuna jambo ambalo karibu kila mteja hulisahau: laini ya pili. Nani huku ana laini moja? Moja ya kupiga, moja ya pesa, au moja ya bando nafuu. Sawa, lakini kila laini inatafuta mnara wake. Ukiwa kijiji ambacho mtandao mmoja upo vizuri na mwingine haupo kabisa, ile laini isiyo na mtandao haikai kimya. Inatafuta, inapumzika kidogo, inatafuta tena, kutwa nzima. Wewe umezima data ya laini nzuri na umeiacha hiyo inayohangaika! Kwenye Mipangilio, sehemu ya kadi za simu, laini huzimwa moja moja bila kuitoa kadi. Izime, ukirudi mjini uiwashe. Kwa wateja wangu wa vijijini hili ndilo la kwanza ninalofanya kabla hata sijashika bisibisi, na wengi hawarudi tena na lalamiko lile.

Watu wa Tunduma na Kasumulu wana lao. Mpakani simu inasikia minara ya Zambia au Malawi na kuanza kuhamahama. Chagua mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie, na uzime huduma ya kutumia laini nje ya nchi kama huvuki. Hii inaokoa na salio pia.

Kujua kama kweli betri imekufa ni rahisi, na hunihitaji. Usiku jaza chaji, weka hali ya ndege, hakikisha na Wi-Fi imezimwa, lala. Asubuhi ikiwa imeshuka asilimia mbili tatu, betri yako ni nzima, shida iko kwenye mtandao au kwenye matumizi. Ikiwa imeshuka ishirini, hapo njoo tuzungumze, maana ama betri imechoka ama kuna kitu ndani kinavuja umeme. Na ikiwa imevimba, kifuniko kimeinuka, usisubiri hata huo usiku mmoja, usiichaji, ilete.

"Lakini nikiweka hali ya ndege wanunuzi wa viazi watanipataje?" Mama mmoja aliniuliza hivyo, na ni swali la haki kabisa. Jibu langu ni kitochi. Laini ya biashara ikae kwenye kitochi, simu janja iwekwe hali ya ndege ukiwa shambani na ifunguliwe ukifika penye mtandao. Vijana hunicheka kwa ushauri huu. Wacheke, wao ndio wanaoazima chaja.

Hilo ndilo kubwa. Mengine yanayoniudhi ni madogo, nitayapita haraka.

Kuna wanaoiweka simu kwenye 2G moja kwa moja "isile chaji". Kama unataka kupiga na kupokea tu, na mahali ulipo 2G ina nguvu wakati 4G inakuja na kuondoka, unaweza kupata nafuu kweli, kwa sababu simu inaacha kuruka huku na huku. Lakini ukiwa na data wazi umejidanganya. Picha ambayo 4G ingeishusha kwa sekunde mbili, 2G inaivuta dakika nzima na zaidi, na redio iko macho muda wote huo. Kazi ikiisha upesi, redio inalala upesi. Kwenye 4G imara, iache 4G. Ile 5G, kama mtaa wako hauna, izime, hakuna unachopoteza.

Wi-Fi nayo ina kesi ya kusingiziwa. "Wi-Fi inakula kuliko data." Kwa kawaida ni kinyume chake: kifaa cha Wi-Fi kipo mita chache kutoka ulipo, simu haina haja ya kupaza sauti. Kama hosteli au ofisini kuna Wi-Fi nzuri na mnara unashika kwa shida, tumia Wi-Fi, hasa kwa kupakia picha na kusasisha programu. Iliyo wazi bila kuunganishwa popote hupekua mara moja moja, gharama yake ni ndogo. Ukitaka kubana mpaka mwisho, ujue kwamba kwenye Android swichi ya Wi-Fi pekee haimalizi upekuzi. Ndani ya mipangilio ya Mahali kuna sehemu ya kutafuta Wi-Fi ambayo huendelea hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Anayekula kweli ni hotspoti. Unaposhusha data kwa mnara na kuirusha kwa Wi-Fi kwa watu watatu chumbani, redio mbili zinafanya kazi na simu haipati usingizi. Wanachuo wa Iyunga, nawaona.

Halafu wale wanaofuta programu zote zilizofunguliwa kila baada ya dakika kumi, kidole kinafagia tu. Acheni. Programu iliyolala kwenye kumbukumbu haili chaji ya maana. Ukiifuta na kuifungua tena, simu inaanza kuipakia upya tangu mwanzo, na hiyo ndiyo kazi. Kama kuna programu moja inakula kupita kiasi, fungua sehemu ya Betri kwenye Mipangilio, itakutajia jina, umzuie huyo mmoja. Na zile programu za "kuongeza chaji" zenye matangazo yanayorukaruka ziondoeni leo.

Mwezi wa sita na wa saba wananiletea simu zinazozima zikiwa na asilimia kumi na tano, ishirini. Wengi ni wa Makete na pembezoni mwa Kitulo, ambako asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi. Baridi huongeza ukinzani ndani ya betri ya lithiamu, volti inaporomoka ghafla, simu inadhani chaji imeisha. Ikipata joto hurudi. Iweke mfuko wa ndani wa koti, na usiichaji ikiwa imeganda kwa baridi, kwa sababu kuchaji chini ya nyuzi 0 huiharibu betri moja kwa moja. Hata hivyo joto ndilo linaloua betri nyingi zaidi: simu iliyowekwa mbele ya kioo cha bajaji juani Kyela inazeeka upesi kuliko ya Makete.

Na la mwisho, betri mpya. Ukiinunua kwangu, usiichaji kwa muda wa saa nane kwanza, wala usiiache ife kabisa ndipo uichaji. Masharti hayo yalikuwa ya betri za nikeli za zamani. Ya lithiamu inakuja na chaji yake tayari. Ondoka nayo, tumia, chomeka unapopata umeme. Ila kabla hujanilipa, nionyeshe kwanza ile laini yako ya pili ina vijiti vingapi ukiwa nyumbani.