Afya ya jamii si kimbilio la waliokosa udaktari

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi huamini kwamba anayesomea afya ya jamii ni yule aliyekosa nafasi ya udaktari, na dhana hiyo inatupotezea watu hodari. Tazama matende na mabusha, maradhi ya mbu yaliyowatesa watu wa pwani hii kwa miaka mingi: daktari humpasua mwenye busha, lakini ili kingatiba, yaani dawa ya kinga wanayogawiwa wakazi hata wasio wagonjwa, ikate maambukizi, angalau asilimia 65 ya wakazi wote wanapaswa kuimeza, na asiyejisikia mgonjwa hakubali vidonge mpaka aelezwe kwa subira na heshima. Kazi hiyo ya kuelimisha ndiyo afya ya jamii, nayo husomewa hadi uzamivu. Mhitimu wake huajiriwa halmashauri, au huwafundisha wanachuo namna ya kujikinga na VVU.