Zawadi za Gharama Nafuu kwa Wanakwaya: Anza na Karatasi Aliyoishika

Kila inapokaribia tarehe 22 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, viongozi wa kwaya hunijia na swali lile lile: mfuko wa kwaya una shilingi 120,000, waimbaji ni 40, tuwape nini? Nimefundisha kwaya za parokia hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na jibu langu huanzia mazoezini, si dukani. Keti nyuma ya kwaya jioni moja, uangalie mikono ya waimbaji, makoo yao na kile wanachohangaika nacho, na zawadi inayofaa utaiona hapo kabla hujaulizia bei.

Mikononi utaona karatasi. Kwaya zetu nyingi huimba kwa fotokopi za nota, ambazo nazo zilitolewa kwenye fotokopi nyingine, hata mistari imeanza kufifia. Nina mwimbaji mmoja wa sauti ya nne ambaye kwa muda mrefu aliikunja kopi yake mara nne na kuitia katika mfuko wa shati. Mkunjo ulipita juu ya mstari wa besi, jasho likamalizia kazi, na baada ya majuma machache nota sita hivi za sauti yake zilikuwa zimefutika kabisa, akawa anazibahatisha kwa kumsikiliza jirani yake. Kwa mtu kama huyo, faili la ukubwa wa A4 lenye mifuko ya plastiki, likiwa na kopi mpya, safi, zilizopangwa kwa mfuatano wa Misa, ni zawadi inayoonyesha kwamba kuna mtu aliyeiona shida yake. Chagua plastiki isiyong'aa. Mara ya kwanza mimi nilinunua zinazong'aa, na katika Misa ya jioni mwanga wa taa uliakisi kwenye kurasa, waimbaji wa safu ya mbele wakawa wanainamisha mafaili huku na huku kutafuta pembe ya kusomea.

Ndani ya faili tia penseli ya 2B yenye kifutio. Risasi yake ni laini kuliko ya HB, huonekana vizuri bila kukandamizwa na hufutika bila kuchana karatasi. Kalamu ya wino haifai, kwa sababu mwalimu hubadili mawazo: leo naagiza pumzi ichukuliwe baada ya neno la tatu, wiki ijayo nataka sentensi nzima iimbwe kwa pumzi moja.

Kuhusu koo, watu wengi hufikiria pipi kali za kusafisha sauti. Mimi sizinunui. Tunapomeza kitu chochote, njia ya hewa hufungwa, kwa hiyo maji, chai au pipi haigusi nyuzi za sauti zenyewe. Unyevu huzifikia kupitia mwilini, kutokana na maji yaliyonywewa saa kadhaa kabla. Ndiyo maana chupa ya maji ya nusu lita yenye kifuniko kisichovuja, ambayo mwimbaji atatembea nayo tangu asubuhi, ina faida kubwa kuliko pakiti ya pipi inayogawiwa dakika tano kabla ya Misa. Kifuko cha tangawizi kavu kinapendwa pia, nami sikizuii, maana joto la chai hutuliza, mradi tusikiite dawa. Manukato yaache kabisa: safu za kwaya zimebanana, na harufu moja kali hukohoza watu watatu.

Mpiga kinanda husahaulika mara nyingi. Mkesha wa Pasaka huanza gizani, na yeye ndiye anayetakiwa kuona kurasa na vitufe wakati kanisa lote lina mishumaa tu. Taa ndogo ya kubana kwenye ubao wa nota itamfaa usiku ule, na itamfaa tena kila umeme unapokatika mazoezini, ikiwa ni ya betri.

Zawadi ninayoithamini kuliko zote haina gharama zaidi ya karatasi na muda, nayo ni kadi iliyoandikwa kwa mkono yenye jambo mahususi. “Asante kwa huduma yako” inaweza kupewa yeyote. Mama mmoja wa sauti ya pili alipewa kadi isemayo kwamba tangu ahamie katikati ya safu, wasichana wawili wapya wamepata kuishika alto kwa kumsikiliza yeye. Ameihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo, na huwa naiona kila anapokifungua. Kuandika kadi 40 za namna hiyo kunachukua takribani wiki mbili, kwa hiyo nawashauri viongozi wagawane kwa sauti: kila kiongozi wa sauti awaandikie watu wake, kisha mwalimu aongeze mstari mmoja.

Gawieni mazoezini, siku moja au mbili kabla ya sikukuu, wala si mbele ya altare baada ya Misa, ili penseli na faili vianze kutumika jioni hiyo hiyo, na yule aliyekosa kuja kwa sababu ya zamu ya kazi apelekewe yake nyumbani na mwenzake wa sauti.