Msichana mkimbiaji anapokosa hedhi: maswali na majibu kwa wazazi, walimu na makocha

Binti yangu ana miaka 17, yuko kambini, na hajapata hedhi kwa miezi minne. Kocha wake anasema hiyo ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Je, ni kweli?

Si kweli, na imani hiyo imewaumiza wasichana wengi. Chakula anachokula mkimbiaji kinapozidiwa na kazi anayoifanya, nishati inayobaki haitoshi kuuendesha mwili, na ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari ili kuokoa kidogo kilichopo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliieleza hali hii mwaka 2014 kuwa ni upungufu wa nishati unaogusa mwili mzima, yaani moyo, damu, kinga, usagaji wa chakula na hata hali ya moyoni, na ikakumbusha kwamba wavulana nao huupata ingawa hawana hedhi ya kuwaonya.

Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, au aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, apelekwe hospitali. Hatua ya kwanza huwa ni kipimo cha mimba, kifanywe kwa faragha na bila maneno ya kumfedhehesha, kisha hupimwa damu, tezi ya shingo na homoni nyingine, kwa kuwa si kila hedhi inayokatika imekatwa na mazoezi.

Alipewa vidonge vya kupanga uzazi, na sasa anatoka damu kila mwezi. Amepona?

Hapana. Damu hiyo huletwa na vidonge, wala haionyeshi kwamba ovari zimeanza kufanya kazi. Vidonge huificha dalili huku upungufu wenyewe ukiendelea.

Mifupa inahusikaje?

Homoni ya estrojeni huilinda mifupa, na miaka ya ujana ndiyo miaka ambayo mfupa hujengwa kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo kinachokosekana wakati huo huenda kisirudi chote. Ufa wa mfupa huanza polepole. Muundi huuma anapokimbia na kutulia akipumzika, baadaye huuma hata akitembea, hatimaye humwamsha usiku, na ukibonyeza kwa kidole kimoja utakuta mahali padogo panapouma kuliko kwingine kote. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, hivyo majibu mazuri ya picha yasiwe sababu ya kumrudisha uwanjani. Maumivu ya kinena yana hatari zaidi, kwani ufa ukiwa kwenye shingo ya mfupa wa paja, mfupa huo unaweza kuvunjika kabisa. Aache kukimbia siku hiyohiyo.

Mmarekani Mary Cain, aliyefika fainali ya mita 1500 katika mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 akiwa na miaka 17, alieleza hadharani mwaka 2019 kwamba katika timu maarufu alishinikizwa kupunguza uzito, akakosa hedhi kwa miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano.

Kwa nini mnasema hili ni suala la haki na si la chakula tu?

Kwa sababu kumwambia msichana "kula zaidi" hakusaidii kitu ikiwa si yeye anayeamua kinachopikwa. Katika maeneo ya mbio kama Iten nchini Kenya, mtu mmoja anaweza kuwa kocha, mwenye chumba anacholala msichana, mtu anayemuunganisha na wakala, na tena mshika fedha zake za ushindi. Msichana aliyetoka nyumba maskini, ambaye wadogo zake wanasubiri karo kutoka kwake, hawezi kumwambia mtu huyo kwamba anaumwa au kwamba ugali na sukuma wiki havimtoshi baada ya kukimbia asubuhi na jioni. Anapopandishwa kwenye mizani mbele ya wenzake na kilo zake kutajwa kwa sauti, anajifunza kuacha sahani yake ikiwa nusu.

Umiliki huo juu ya mwili na mapato ya mwanamke unaweza kufika mbali. Baada ya mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop kuuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili wa kijinsia. Naamini kambi inayopokea wasichana inapaswa kuulizwa kwanza nani anashika fedha na nani anafunga milango usiku, kabla ya kuulizwa imetoa mabingwa wangapi.

Matibabu ni yapi?

Ni kuongeza chakula na kupunguza mazoezi kwa pamoja. Ale kitu kabla ya mbio za alfajiri, hata kama ni chai ya maziwa na viazi vitamu, na ale tena mara tu anaporudi. Maziwa, mayai, maharagwe na omena viwepo mara kwa mara. Apimwe upungufu wa madini ya chuma. Hedhi inaweza kuchukua miezi mingi kurudi, na kwa kuwa yai hutoka kabla ya damu, anaweza kushika mimba kabla ya kuiona. Uzito wake ufuatiliwe na mhudumu wa afya, si na kocha.

Kocha akimtukana, akimnyima chakula au akimshikashika, aende wapi?

Nchini Kenya, ibara ya 29 ya Katiba inamkinga kila mtu dhidi ya kutendewa kikatili au kwa kudhalilishwa, na Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inatambua kwamba aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa. Simu ya watoto ni 116, namba inayotumika pia Tanzania na Uganda, na ya ukatili wa kijinsia nchini Kenya ni 1195. Akiwa amebakwa, afike hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya muda huo, na asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuchunguzwa.