Mtori wa usiku pale Rau, na kwanini ulikuwa mzito bila kuvutika

Mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, Moshi wengi tunaunywa asubuhi na chapati, ikifika saa nne sufuria ishaisha, ila kuna mgahawa mmoja Rau wanapika na wa usiku na mi ndo naupenda kuliko sehemu zote hapa mjini. Juzi nilimpeleka shemeji yangu wa Dar, akaniuliza shem, hicho si chakula cha mzazi? Ni kweli Wachaga tunampa mama aliyejifungua, lakini alimaliza bakuli akaagiza lingine.

Mi nafundisha mapishi kwahiyo baada ya kula nikaingia jikoni kumwamkia mama mpishi, na akanionyesha kila kitu.

Mifupa na mbavu anaziinjika mchana, moto mdogo, mpaka jioni. Kwenye mifupa na mishipa kuna kolajeni, protini ngumu sana, inataka maji na joto la taratibu kwa masaa ndo igeuke jelatini, ile inayofanya midomo inate ukinywa supu na supu ikipoa inaganda. Na huku kwetu lazima uvumilie zaidi, maana kadiri ulivyo juu ya bahari maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, Moshi mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha ambako ni kama mita 1,400 juu ya bahari ni nyuzi 95, Dar ni 100, yaani nyama ileile ya Dar huku inachelewa kuiva alafu watu wanasema ng'ombe alikuwa mzee.

Ndizi ni mshare, tena mbichi kabisa. Ndizi mbichi ni wanga, ikianza kuiva wanga unageuka sukari, hapo utapata mtori mtamutamu na mwepesi na hakuna chumvi itakayouokoa.

Sasa kinachonifurahisha zaidi ni kuponda. Mama anaponda kwa mwiko, zikiwa za moto, blenda haigusi, na yuko sahihi kabisa jamani. Wanga wa ndizi umekaa ndani ya seli kwa chembechembe, ukichemsha zile chembe zinafyonza maji zinavimba lakini nyingi zinabaki humohumo ndani ya seli, ukiponda kwa mwiko seli zinaachana tu, unapata uzito laini wenye vipande vidogo vya ndizi ambavyo ulimi unavisikia. Blenda inazipasua seli, wanga wote unamwagika kwenye supu na mtori unavutika kama gundi, ukishafika hapo haurudi nyuma hata uongeze supu kiasi gani. Naona migahawa mingi siku hizi inasaga ili kuokoa muda na inaniuma kwelikweli.

Maziwa anatia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na limau haingii jikoni, unakamulia mwenyewe mezani pamoja na pilipili, kwasababu maziwa ya moto yakikutana na ukali wa limau kwenye sufuria yanakatika.

Ukibeba wa kwenda nao nyumbani usishangae asubuhi ukiukuta umekaza, wanga ukipoa unajikaza wenyewe. Pasha kwa moto mdogo, ongeza supu ya moto kidogokidogo, na koroga kwa mwiko taratibu.