Kupunguza ukubwa wa picha: ukubwa upi?

Kaa katika saiba yoyote ya Nairobi wakati watu wanajaza fomu za kazi, hutachelewa kusikia mhudumu akisema, "Picha yako ni kubwa, inakataa." Mwenye picha anaitazama simu yake. Ni ile ile ya jana, imeenea kwenye kioo vizuri, haijazidi popote. Anaikata kidogo upande wa bega, anairudisha. Inakataa tena. Mhudumu anachukua simu, anabonyeza mara tatu, picha inapita, na mteja anaondoka bila kujua kilichofanyika.

Kinachomchanganya si kompyuta, ni neno. Tumelibebesha "ukubwa" mizigo mitatu: vipimo vya picha, uzito wa faili, na nafasi ambayo picha itachukua kwenye karatasi au bango. Kupunguza kimoja si lazima kukapunguza vingine.

Anza na vipimo. Picha ya dijitali imetengenezwa kama mkanda wa shanga wa Maasai Market. Ukiwa mbali unaona ua au ngao. Ukiusogeza machoni unaona shanga moja moja, kila moja na rangi yake. Ushanga wa picha unaitwa pikseli. Picha ya pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina pikseli milioni 12, na ndiyo hiyo wauzaji simu wanayoiita megapikseli 12. (Wakikuambia 48 au 50, jua kwamba mara nyingi simu yenyewe huunganisha pikseli nne nne kuwa moja na kukupa picha ya 12 hivi. Si wizi, lakini si hesabu uliyodhani.)

Sasa linganisha na mahali picha inakokwenda. Skrini ya kompyuta ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni mbili na kidogo. Ukiionyesha hapo picha yako nzima ya milioni 12, kompyuta italazimika kubana na kuacha karibu milioni kumi ili ikuonyeshe. Aliyeipakua ametumia bando kuleta shanga asizoziona.

Kupunguza vipimo, basi, ni kuisuka picha upya kwa shanga chache. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Ukitoa 4000 kwa 3000 ukaweka 2000 kwa 1500, umepunguza nusu ya kila upande, lakini pikseli zimebaki milioni tatu, yaani robo. Ukishusha tena hadi 1000 kwa 750, umebaki na moja ya kumi na sita ya ulichoanza nacho. Programu huchukua pikseli za jirani, ikachanganya rangi zao na kuweka moja badala yao. Nne zilizochanganywa hazirudi. Ukiikuza picha hiyo kesho, programu itabuni tu rangi za kujaza mapengo, nawe utapata ukungu. Zile programu mpya zinazodai kusafisha picha nazo hubuni, ila zinabuni kwa ustadi zaidi, hata kukuwekea kope ambazo hukuwa nazo.

Uzito ni habari nyingine. Uzito wa faili hupimwa kwa baiti: elfu moja ni kilobaiti, milioni moja ni megabaiti. Kwa kawaida kila pikseli hubeba baiti tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu. Milioni 12 mara tatu ni megabaiti 36. Mbona basi faili ya simu yako ina megabaiti tatu au nne tu? Kwa sababu imebanwa. Mbanano unaotumika zaidi ni JPEG, ambao viwango vyake viliwekwa mwaka 1992. Hugawanya picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha hutupa yale ambayo jicho la mtu halina bidii ya kuyaona, hasa mabadiliko madogo ya rangi. Programu nyingi hukupa kipimo cha ubora, kutoka chini kabisa hadi 100. Kwenye 80 hivi ni vigumu kuona tofauti. Ukishuka sana, vile vipande vinaanza kujitokeza kama vigae, kwanza kando ya maandishi.

Ndiyo maana picha mbili zenye vipimo sawa hupishana uzito. Piga anga tupu juu ya Uhuru Park, kisha piga rundo la mitumba Gikomba. Anga ina machache ya kukumbuka. Rundo lina kola, vifungo, mistari na maua, na faili itakuwa nzito zaidi.

Na kukata? Kukata ni kuondoa sehemu ya picha: bega, ukuta, mtu aliyepita nyuma. Pikseli hupungua, ndiyo, lakini kilichobaki kina msongamano ule ule. Yule mteja wa saiba aliondoa bega pengine akapunguza sehemu ndogo tu ya uzito, na fomu ilitaka isizidi kilobaiti mia kadhaa. Fomu ikitaja kilobaiti inaongea juu ya uzito. Ikitaja pikseli inaongea juu ya vipimo. Kama inataka vyote, kata kwanza, punguza vipimo, halafu bana mara moja mwishoni. Na unapobadilisha upana, acha programu ibadilishe kimo yenyewe kwa uwiano ule ule. Tumeona mabango ya kutosha yenye nyuso za wagombea zilizotandazwa kama chapati.

Nasisitiza hilo la kubana mara moja, kwa sababu JPEG hutupa kitu kila inapohifadhiwa upya. Tangazo la harambee linalopita kutoka kundi hadi kundi, huyu akilipiga picha ya skrini, yule akiliongezea jina, hufika likiwa limechoka, nambari ya kutuma mchango haijulikani ni 3 au 8. WhatsApp yenyewe hupunguza vipimo na kubana kila picha unayoituma kwa njia ya kawaida. Tangu 2023 kuna chaguo la HD, ambalo nalo hupunguza, ila kwa huruma. Ukitaka faili ifike jinsi ilivyo, itume kama hati.

Jirani yangu anayeuza viatu aliligundua hilo kwa hasara. Alipeleka picha ya kiatu aliyoitoa kwenye kundi la WhatsApp kwa mchapishaji mjini atengenezewe bango la mita tatu. Picha ilikuwa na pikseli 1600 kwa upana. Igawe: kila pikseli ilitanuka karibu milimita mbili. Ukisimama hatua mbili kutoka kwenye bango lile unaona shanga, huoni kiatu. Picha hiyo hiyo, ikichapishwa kwa pikseli 300 kwa inchi, ingetoka safi kwenye karatasi ya sentimita 13 na nusu. Hapo ndipo ile namba ya pikseli kwa inchi ina kazi: kwa mchapishaji. Kwenye simu, picha ya pikseli 1000 itaonekana vile vile uandike 72 au 300, na mtu anayekutoza pesa kuibadilisha kwa ajili ya intaneti amekuona unakuja.

Kwa hiyo jirani sasa anaweka nakala mbili. Ya kwanza, iliyotoka kwenye kamera, haiguswi na mtu. Ya pili ina pikseli 1600 upande mrefu, ubora 80, na mara nyingi inakuja kilobaiti mia chache; hiyo ndiyo ya wateja. Kwenye barua pepe tofauti inaonekana haraka: Gmail hairuhusu viambatisho kuzidi megabaiti 25, kwa hiyo picha sita za megabaiti tano kila moja hazipiti, wakati zilizopunguzwa zinapita hata zikiwa thelathini.

Picha ya skrini ya ujumbe wa M-Pesa usiitendee hivyo. Maandishi na mistari iliyonyooka hukaa vizuri zaidi kwenye PNG, aina nyingine ya faili ya picha, ambayo hubana bila kutupa chochote. JPEG huacha vumbi kuzunguka kila herufi.

Jambo moja watu hulisahau: kupunguza picha hakufuti yaliyofichwa ndani yake. Kamera ya simu, ukiwa umeiruhusu kujua ulipo, huandika ndani ya faili saa na mahali picha ilipopigwa, na programu nyingi za kupunguza huyabeba maelezo hayo kama yalivyo. Ukipiga viatu vya kuuza sebuleni kwako kisha ukavituma kama hati ili vibaki na ubora, umemtumia mteja pia ramani ya nyumba. Zima ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga.