Simu imekatika au mmeachana? Vitenzi vya Kiingereza vya kupashana habari

Kiswahili hunyambua: piga, pigia, pigiana. Kiingereza huacha kitenzi kilivyo, kikabandika pembeni kineno kama "up", "back" au "through", na maana ikageuka. Maana utaipata kwenye kamusi. Kinachowakwaza wengi wetu ni mahali pa kuweka yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendwa au kutendewa, kwa sababu tumezoea kuitia ndani ya kitenzi: nita-m-pigia.

Chukua "write down", kuandika ili usisahau. Yambwa ikiwa nomino, una hiari: "write down the number" au "write the number down". Ikiwa kiwakilishi, hiari imekwisha; lazima ikae katikati: "write it down". "Write down it" ni kosa. Ndivyo ilivyo kwa "read it out", isome kwa sauti; "call her back", mpigie aliyekupigia; na "put me through", niunganishe na mhusika. Nomino ikiwa na maelezo marefu, usiitumbukize katikati: sema "write down the number she gave you yesterday", la sivyo hiyo "down" itafika msikilizaji ameshaisahau.

Vingine havipasuliwi kabisa: "hear from them", kupata habari kutoka kwao, "look into it", kulifuatilia jambo, "get back to him", kumrudia na jibu. Sikio husaidia hapa. Katika "write it down" mkazo huangukia "down". Katika "hear from them" huangukia "hear", na "from" hupita haraka. "Get back to" ina vipande vitatu, nayo ikaririwe nzima.

"Fill in" ina sura mbili. "Fill in the form" ni kujaza fomu. "Fill me in" ni kuomba usimuliwe yaliyokupita, na jambo lenyewe hutanguliwa na "on": "fill me in on the meeting".

"Point out" ndiyo ninayoisahihisha mara nyingi kuliko zote. Kwa kufuata "alinionyesha kwamba", mtu huandika "she pointed me out that the date was wrong". Lakini "she pointed me out" maana yake alinionyesha mimi kati ya watu, kama shahidi anayemtambua mtuhumiwa! Andika "she pointed out to me that the date was wrong", au uache "to me".

Kwenye simu, "hang on" ni subiri kidogo, "hang up" ni kukata. Sauti ikikatikakatika, sema "you're breaking up". Simu yenyewe ikikatika, "we got cut off". Ukisema "we broke up", utapewa pole ya kuachwa.

Nayo "pass on" usiivue yambwa. "She passed it on" ni kwamba ameufikisha ujumbe. "She passed on" ni kwamba amefariki.